Kivuli cha Tangi Majini

Mama Lenzi alikuwa amezima taa ya sebuleni ili asikie vizuri. Wengine husikiliza kwa masikio. Yeye alisikiliza kwa mwili mzima, ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, mgongo haugusi ukuta, simu pajani. Kila alipoipiga namba ya binti yake, yule mwanamke wa kwenye mtambo alimjibu kwa upole uleule kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Alishaanza kumchukia yule mwanamke kama vile ana sura na nyumba na mahali pa kwenda kumsutia.

"Wifi, ukizidi kumpigia huyo atakuja kukualika kwake," sauti ya Shangazi ilitoka chumbani.

Huyu Shangazi alikuwa dada wa marehemu mumewe. Alikuja kukaa nao kwa wiki mbili baada ya ndoa yake kuvunjika, na hizo wiki mbili zikaota mizizi.

"Amechelewa," alisema Mama Lenzi.

"Kachelewa, ndiyo. Lini binti yako hajachelewa? Juzi alichelewa kisa ndovu anakojoa."

"Alikuwa anakunywa maji, wifi."

"Mimi nitajuaje? Picha zote ndovu na maji. Hakuna anayeniambia yanaingia au yanatoka."

Siku nyingine angecheka. Usiku ule kicheko kilifika kooni kikageuka mate, akayameza. Maana kulikuwa na jambo ambalo Shangazi hakulijua, wala mtu yeyote mle nyumbani, na lilikuwa limemkaa Mama Lenzi kifuani tangu asubuhi kama tonge lililokataa kushuka.

Mtaani walimjua kuwa ni mtu wa hofu. Walisema Mama Lenzi huanika nguo huku ameshika mwavuli. Walisema akipika maji huyaonja kwanza kama yameiva. Yeye aliwaacha waseme. Hofu yake ilikuwa na tarehe ya kuzaliwa: asubuhi moja mumewe aliondoka akipiga mluzi, begi la spana begani, akaenda kutengeneza pampu ya upepo, akateleza juu kule kwenye mapanga yake, na jioni akarudi amebebwa. Mtu aliyeona mluzi ukitoka mlangoni na usirudi hawezi tena kuona mlango kuwa ni mbao tu.

Kwa kazi alikuwa mhudumu wa kituo cha mafuta, pale mji unapokoma na nyika inapoanza. Kulikuwa na pampu tatu: moja ya petroli, moja ya dizeli, na ya tatu mbovu ambayo kazi yake ilikuwa kutundikiwa matambara. Shule hakwenda mbali; alisoma pole pole, midomo ikitembea. Lakini macho yake hayakuhitaji shule. Alimjua dereva mwenye haraka ya kweli na mwenye haraka ya kuiba mafuta, aliyegombana na mkewe, na anayeendesha gari lisilo lake. Baada ya zamu alirudi nyumbani mikono ikinuka dizeli hata baada ya sabuni na ndimu, akakaa kigodani, akaanza kuhesabu nani yuko ndani na nani bado yuko nje.

Aliyekuwa nje daima ni Lenzi.

Jina lake halisi walilitumia shuleni tu. Alipoajiriwa kwenye studio ya picha za vitambulisho, kazi ya kuwaambia watu "inua kidevu, usicheke", mtaa mzima ukamwita Lenzi, na mama yake akawa Mama Lenzi bila kuulizwa. Mwenye studio aliponunua kamera mpya alimpa ile kuukuu. Badala ya kuitumia kwenye harusi kama watu wenye akili, Lenzi aliipakia kwenye pikipiki akaenda nayo nyikani, kwenye ranchi ya zamani iliyotelekezwa.

Ng'ombe wa ranchi ile waliuzwa zamani. Nyumba ziling'olewa mabati. Kilichobaki ni pampu ya upepo iliyoendelea kuzunguka bila bwana, tangi kubwa la maji juu ya miguu ya chuma, na kijumba cha mawe cha mashine. Upepo ulipovuma tangi lilijaa, likafurika, na maji yakatengeneza dimbwi chini. Kiangazi kilipokausha mito, ndovu walikuja pale. Lenzi alijibana ndani ya kile kijumba, kamera ikichungulia kwenye kidirisha kisichozidi sahani, akawapiga picha wakinywa, wakioga, wakisukumana kama wateja wa bomba la mtaa siku maji yakitoka.

Kisha alizirusha picha mtandaoni, kwenye ukurasa wake. Mwanzoni waliopenda ni Shangazi na mwenye studio. Halafu wakawa mia, halafu maelfu, watu wa nchi ambazo Mama Lenzi hakuweza kuzitamka. Wengine waliandika kwamba wamelia. Mama Lenzi hakuelewa mtu anaweza kulia vipi kwa ajili ya ndovu mzima anayekunywa maji, lakini usiku, kila mtu akishalala, alifungua ukurasa ule akasoma maneno ya wageni wale moja moja, midomo ikitembea. Hakuwahi kumwambia binti yake. Mbele ya Lenzi alijua wimbo mmoja tu: usiende, kuna jua, usiende, kuna mawingu, usiende, nimeota vibaya.

"Mama, wasiwasi wako hauna likizo?" Lenzi alimwuliza siku moja akifunga kofia.

"Ukizaa utajua."

"Basi sizai. Nitafuga ndovu."

Lenzi alikuwa na masharti yake, na aliyemfundisha ni askari wa wanyamapori waliyemwita Doria, mtu mrefu, mkimya, mwenye sauti ya kukwaruza kama mlango wa bati. "Picha ni ramani," Doria alimwambia. "Ukimwonyesha ndovu, usionyeshe mlima. Usionyeshe mti wenye umbo lake. Na usiirushe picha wakati mnyama bado anakuja kwenye maji yaleyale." Kwa hiyo Lenzi alikata. Kila picha aliikata kilima, akakata pampu, akakata tangi, hata akabaki ndovu na maji tu, mahali ambapo pangeweza kuwa popote duniani. Na alingoja. Picha za kundi lililopo alizificha hadi kundi lihame.

Mama Lenzi alizisikia sheria hizi mezani, kama mtu asiyependa mpira anavyosikia habari za kuotea. Alijua zipo. Hakujua zinauma wapi.

Mwaka ule akaja dume mmoja mzee. Pembe zake zilikuwa ndefu hata zikigusa chini akiinama, zikiacha mifereji miwili vumbini, na Lenzi akampa jina la Mfagiaji. Alimpiga picha moja jioni, maji yametulia kama kioo, mzee ameinamisha kichwa, mwanga umempaka rangi ya shaba. Akaificha. Mfagiaji alipokosekana kwa muda mrefu, Lenzi akaamini amehama. Akaikata picha vizuri, juu, kushoto na kulia, akairusha. Ilisambaa kama moto wa nyasi. Siku chache baadaye mzee akarudi dimbwini, na Lenzi akarudi nyumbani akiruka kwa furaha na kushika kichwa kwa wakati mmoja.

"Si umekata kila kitu?" Shangazi alimwuliza.

"Nimekata kila kitu."

Alikata kila kitu kilichosimama juu ya ardhi. Kilichosimama ndani ya maji, kichwa chini miguu juu, hakukiona.

*

Asubuhi ya siku ile, kabla ya usiku ule wa kigoda, pikapu moja nyeupe iliingia kituoni. Wanaume wawili. Mmoja mnene, mcheshi, shati lake safi limenyooshwa kwa pasi; mwingine mwembamba, hakushuka. Walitaka dizeli tangi zima na madumu mawili juu yake.

Mnene akawa anabofya simu huku Mama Lenzi akijaza. Akacheka peke yake. "Mama, hebu tazama. Umeona maajabu haya?"

Akamgeuzia kioo cha simu. Alikuwa Mfagiaji.

Moyo wa Mama Lenzi ulipaa. Miaka yote ile aliizungumzia kazi ya binti yake kama mtu anavyozungumzia ugonjwa. Na sasa mgeni, mtu mzima, mwenye gari, amesimama pale akiitazama kwa macho ya kupenda.

"Nimeiona," alisema.

"Umeiona wapi?"

"Aliyepiga ni binti yangu."

"Acha masihara, mama!"

"Masihara gani? Mimba yake niliibeba mimi, si wewe."

Yule mwanamume akapiga kofi juu ya boneti kwa kicheko. Akamwita mwenzake: sikia, huyu ndiye mama wa mpiga picha, mkono huu huu ndio uliomlea! Mwembamba akachungulia dirishani, akamtazama Mama Lenzi usoni, kisha kwenye kibandiko cha jina kifuani, akarudisha kichwa ndani.

"Basi wewe ndiye utakayetuamua," alisema mnene. Akaigeuza simu, juu ikawa chini. "Tumebishana njia nzima. Hiki hapa majini, kivuli hiki, mwenzangu anasema ni mnara wa simu. Mimi nasema ni daraja."

Mama Lenzi alitazama. Ndani ya maji kivuli cheusi kilisimama: duara kubwa juu, miguu mitatu ya chuma, na wa nne mnene, wa gogo, umepinda kidogo. Aliujua mguu ule. Wa chuma ulipoliwa na kutu, mumewe alikata gogo akalipachika kwa muda, akasema atarudi kuweka wa kudumu. Hakurudi. Miaka yote lile gogo limeubeba uzito wa maji badala yake.

"Nyote mmekosa," alisema, na sauti yake ilikuwa na kiburi ambacho hakukijua. "Mnara gani una mguu wa gogo? Hilo tangi la ranchi ya zamani, kule ng'ambo ya reli. Mguu huo ameuweka mume wangu kwa mikono yake."

"Ranchi ya zamani," mnene alirudia taratibu, kama mtu anayefunga kifungo cha shati. "Mama, umetuokoa. Tungegombana hadi mjini."

Walilipa wakaondoka. Walipofika barabarani, upepo ukainua pembe ya turubai nyuma ya pikapu. Aliona mashoka. Mipini yake ilikuwa mipya, myeupe, bado haijashikwa na jasho la mtu. Akajiambia ni wachoma mkaa. Kisha akaona taa ya kona inawaka kushoto. Mjini ni kulia.

Alibaki na bomba la dizeli mkononi hadi dereva wa lori nyuma akapiga honi. "Mama! Umelala au unasali?"

Alimaliza zamu yake kama mashine. Alirudi nyumbani mchana akamkuta Lenzi uani anafuta lenzi kwa kipande cha flana, begi tayari limefungwa. Mwezi unakaribia kujaa, Mfagiaji yupo, atampiga picha jioni na kurudi kabla ya chakula.

"Usiende leo," alisema Mama Lenzi.

"Leo kuna nini? Jua au mawingu?"

Shangazi akaangua kicheko jikoni. Lenzi naye akacheka, si kwa dharau, bali kama watu wanavyocheka kwa jambo lililozoeleka nyumbani. Na maneno yakamfia Mama Lenzi ulimini. Angesema nini? Kwamba kuna wanaume wawili wenye mashoka, na aliyewaelekeza ni yeye? Kwamba sharti alilolishika binti yake kwa miaka, yeye amelivunja kwa kusifiwa mara moja na mtu mwenye shati safi? Pengine ni wachoma mkaa kweli. Pengine atamwaibisha mwanawe bure, na kujiaibisha mwenyewe.

"Nina wasiwasi tu," alisema.

"Najua, mama. Uchukue, ulale nao. Nitarudi kuuamsha."

Pikipiki ikatoka. Alisimama mlangoni hadi vumbi likatua.

*

Hayo ndiyo yaliyokuwa kifuani mwake gizani. Mara hii alipoinua simu hakumpigia Lenzi. Alimpigia Doria.

"Kuna watu wameuliza habari za dimbwi," alisema bila salamu. "Asubuhi, kituoni. Pikapu nyeupe, mashoka nyuma. Wameelekea ranchi. Lenzi yuko huko, hajarudi."

Kitanda kililalamika upande wa pili. "Walijuaje ni ranchi?"

"Kivuli cha tangi kinaonekana majini. Wakaniuliza. Nikawaambia."

Doria hakumlaumu. Hilo lilimwogofya kuliko matusi. "Nawaamsha vijana wangu," alisema tu. "Kaa nyumbani. Usimwambie mtu mwingine."

Shangazi alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha chumba, kanga imefungwa kifuani, hana tena mzaha. Alikuwa amesikia yote. Alikuja akaketi sakafuni karibu na kigoda, akaushika mguu wa wifi yake kwa mkono mmoja kama mtu anayezuia ngazi isiteleze.

"Wanajua wewe ni mama yake?" aliuliza.

Mama Lenzi alibofya tena namba ya Lenzi. Nusu ya jambo ilikuwa imetoka. Nusu nyingine, ile iliyokuwa nzito, ilibaki palepale. Hawakulala. Kulipokucha Shangazi alichemsha chai, hakuna aliyeinywa, ikapata utando juu.

Jua lilikuwa limeshapanda pikipiki ya Doria iliposimama nje. Lenzi alikuwa nyuma yake. Alishuka mwenyewe, akatembea mwenyewe, akaingia ndani akaketi kwenye kiti cha kwanza alichokikuta. Nguo zake zilijaa vumbi la mawe. Mama yake alimshika uso, mabega, viganja, akatafuta damu, hakuiona. Alitaka kulia akashindwa. Kuna furaha inayokuja na hofu yake.

"Mfagiaji amelala," alisema Lenzi.

Akasimulia kwa vipande. Aliwaona wakija jua bado halijazama. Aliwadhania watalii hadi alipoona bunduki. Walikaa umbali wa kutema mate tu kutoka kwenye kijumba, wakivuta sigara, wakingoja. Hakuweza kutoka. Akafanya kitu pekee alichokijua: aliwapiga picha kupitia kile kidirisha, sura zao, gari lao, namba zake. Usiku mzee akaja kunywa maji, polepole, akifagia vumbi kama kawaida yake. Lenzi alitaka kupiga kelele kumfukuza. Mdomo haukufunguka. Milio mitatu. Muda mfupi baadaye zikaonekana taa za askari kwa mbali, na wale wakakimbia kabla shoka halijafanya kazi yake kwenye pembe.

"Hawakukuona?" Shangazi aliuliza.

"Mimi hawakuniona. Pikipiki yangu waliiona, kichakani, walipokuwa wakikimbia. Wameichana matairi." Akainua macho kumtazama Doria. "Walijuaje, lakini? Nilikata kila kitu."

Doria alimtazama Mama Lenzi. Mama Lenzi akatazama sakafu. Doria akavaa kofia. "Tutaongea hayo," alisema. "Mimi narudi kwenye mzoga. Kamera isitoke humu ndani. Picha hizo ndizo kesi yote. Usizirushe popote, usimwonyeshe mtu. Mchana nitakuja mwenyewe na mpelelezi, na nitapiga simu kwanza."

Akaondoka. Kule ranchini mtandao haushiki.

Mtaa ulikuwa umeingia katika ule ukimya wa katikati ya asubuhi, watu wazima wamekwenda kazini, watoto shuleni, redio moja tu mbali inajisemea. Lenzi aliketi na kamera mapajani. Alikuwa akizitazama zile picha, moja baada ya nyingine, na nuru ndogo ya kioo ilimpiga kidevuni. Mama yake alitazama begani kwake. Mnene alikuwa pale na shati lake, sasa limekunjwa mikono. Kwenye picha mbili alikuwa anacheka.

"Lenzi," alisema. "Kuna neno nataka nikwambie."

Ndipo hodi ikabishwa mlangoni.

Haikuwa hodi ya fujo. Mapigo matatu, ya adabu. "Hodi wenyewe," ilisema sauti ya mwanamume. "Mama Lenzi yupo? Tumetumwa na Doria. Tumekuja kuchukua kamera."

Lenzi akasimama mara moja. "Ni wa Doria hao," alisema, mkono wake tayari unakwenda kwenye komeo.

"Usifungue."

"Mama, tafadhali. Si leo."

"Alisema atapiga simu kwanza."

"Huko aliko hakuna mtandao, atapigaje? Ndiyo maana ametuma watu." Alikuwa amechoka, amekesha juu ya mawe, na sauti ya mama yake ilikuwa ileile iliyomzuia kwa jua na kwa mawingu maisha yake yote. Kidole kilikuwa kimegusa chuma.

Mama Lenzi aliisikia sauti ile ya nje ndani ya kichwa chake tena na tena, akaipima. Ilikuwa ya mnene? Hakuweza kuapa. Kupitia mbao sauti zote huvaa nguo moja. Huenda ni askari kweli, wanaume waungwana wanaosimama juani wakingoja mwanamke mwoga amalize mizungu yake. Hilo ndilo lililokuwa likimtesa: hakuwa na uhakika, kama ambavyo jana hakuwa na uhakika, na jana alinyamaza kwa sababu hiyohiyo.

Akamshika binti yake kifundo cha mkono.

"Niliwaambia mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Wale watu. Walikuja kituoni, wakanionyesha picha yako, wakaisifu. Nikawaambia tangi liko wapi. Na kabla ya hapo nikawaambia wewe ni binti yangu. Mwembamba alisoma jina langu hapa." Akajigusa kifuani, mahali ambapo kibandiko hukaa. "Pikipiki wameiona. Hawana haja ya kumtafuta mwenyewe. Wanajua wamuulizie nani."

Lenzi aligeuza kichwa. Alimtazama mama yake, na usoni mwake yakapita mambo mengi, hata mama alitamani kujificha nyuma ya mikono yake. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, kiganja mdomoni.

"Ulisema una wasiwasi tu," Lenzi alinong'ona.

"Nilisema hivyo."

"Mama Lenzi?" sauti ikaita tena, bado na adabu zake zote. "Jua kali huku. Fungua tu, hatukai."

"Aliyewatuma ni nani?" Mama Lenzi aliuliza kwa nguvu.

"Doria, mama."

"Jina lake halisi."

Redio ya mbali ilimaliza wimbo wake ikaanza tangazo. Kisha watu wakanong'onezana, wawili au zaidi, na mmoja akakohoa. Hakuna aliyejibu.

Mkono wa Lenzi uliondoka kwenye komeo. Uliondoka polepole, ukabaki hewani kidogo kama haujui pa kwenda, halafu ukashika kamera na kuikumbatia tumboni. Mama yake akasukuma komeo hadi mwisho, likagota. Wote watatu wakasikiliza. Viatu vilisogea juu ya changarawe, bila haraka. Havikuelekea barabarani. Vilipita chini ya dirisha la sebule, vikafuata ukuta, vikaenda upande wa uani.

"Wifi," Mama Lenzi alisema bila kugeuka, "mlango wa nyuma."

"Nimeufunga," Shangazi alijibu kutoka jikoni. Kisha, baada ya pumzi moja, "Nadhani nimeufunga."

Mama Lenzi alikuwa ameshaanza kukimbia. Aliufikia kwa bega kabla ya mikono, akahisi mbao zikisukumwa taratibu kutoka upande wa pili, zikarudi, zikasukumwa tena. Lenzi akaja akaweka mgongo wake karibu na bega la mama yake. Walisimama hivyo, miguu imekazwa sakafuni, na mlango haukufunguka.